Jiko la mtu mmoja

Mhariri,

Wanaochora fleti za Nairobi hubana jiko ili sebule ionekane kubwa. Jiko la upana wa mita 1.5, meza ya zege ikila sentimita 60, hubakiza njia ya sentimita 90. Anayepika akiinama kufungua kabati, mwingine hapiti. Halafu tunawalaumu baba na wavulana kwamba hawashiki mwiko. Wasimame wapi?

Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la Frankfurt, kwa ajili ya nyumba za mji huo wa Ujerumani, mita 1.9 kwa 3.4, akipunguza hatua za mpishi. Lilimtosha mtu mmoja tu, lakini angalau lilikuwa na dirisha, na mlango wa kutelezesha ili mama awaone watoto. Ernst May, msanifu Mjerumani aliyesimamia mradi wa nyumba zile, baadaye alifanya kazi papa hapa Nairobi. Sisi tumechukua ufinyu tu. Dirisha, likiwepo, hutazama kishimo cha hewa kinachopandisha harufu za vyoo vya ghorofa zote.

Urefu nao ni balaa. Meza ya sentimita 90, juu yake jiko la gesi la sentimita 15, kisha sufuria: anayesonga ugali anainua kiwiko hadi usawa wa bega, na mkono unachoka kabla unga haujaiva. Sehemu ya kupikia ishushwe hadi sentimita 70, njia iwe mita 1.2. Tundu la hewa liwe karibu na sakafu pia, kwani gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini.

Msanifu majengo,
South B, Nairobi