Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Mafunzo ya Kujiokoa, Vifaa vya Dharura na Hali ya Ada

Waheshimiwa wanachama, makapteni, wanafunzi wa urubani na wageni wetu,

Kwa niaba ya kamati tendaji ya chama chetu cha marubani nawasilisha taarifa ya mwaka uliokwisha. Katibu amenipa dakika 20. Mengi nitayapitia haraka, lakini lipo jambo moja ambalo nitalieleza lote, yaani uamuzi wa kutumia fedha za mfuko wa jengo kununua vifaa vya dharura, kwa kuwa limesemwa vibaya kwenye kundi letu la WhatsApp kwa miezi, na mimi nimenyamaza vya kutosha.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, isipokuwa Aprili kwa sababu ya mafuriko. Tuliutembelea mnara wa kuongozea ndege, tukaruka pamoja hadi Kitale na kurudi, tukawapokea hangani watoto wa shule mbili. Ndege ya mazoezi ilikaguliwa kwa wakati wake. Hakuna mwanachama aliyepata ajali, na kwa hilo tunamshukuru Mwenyezi Mungu.

Mafunzo ya kujiokoa yalikuwa ya awamu tatu. Ya kwanza, huduma ya kwanza, ilikwenda salama. Ya pili ilihusu kutoka kwenye ndege iliyotumbukia majini. Tuliianzia kwenye bwawa la kuogelea, kisha tukaenda ufuo wa Dunga pamoja na wavuvi, ambao nawashukuru kwa mashua zao. Nilisisitiza awamu hii mimi mwenyewe, maana ukipaa kutoka Kisumu hukai muda kabla hujawa juu ya Ghuba ya Winam, na wengi wetu huruka hadi Rusinga na Mfangano kwa injini moja. Waliofika walijifunza kwamba mlango unafunguliwa kabla ya kugusa maji, kwa sababu fremu ikipinda hautafunguka tena. Mkono mmoja unashika kitu kisichosogea upande wa mlango, na wa pili ndio unaofungua mkanda, tena baada ya ndege kutulia. Anayefungua mkanda mapema anabebwa na maji, asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Na jaketi la kuokoa maisha halijazwi hewa ukiwa ndani. Novemba 1996 ndege kubwa ya abiria iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaanguka baharini karibu na Komoro, na kuna abiria waliokufa kwa sababu majaketi waliyoyajaza mapema yaliwainua hadi darini, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Rubani asiyejua jambo hili hapaswi kumpakia mtu yeyote kuvuka ziwa.

Awamu ya tatu ilikuwa kulala Msitu wa Kakamega. Nitairudia baadaye, nikifika kwenye mahudhurio.

Sasa uamuzi wenyewe. Mwezi wa Mei kamati, kwa kura tano dhidi ya mbili, iliidhinisha kutoa Sh480,000 kutoka mfuko wa jengo, uliokuwa na Sh740,000, ili kununua bikoni nne za mkononi (redio ndogo za kuita waokoaji) za masafa ya megahezi 406, majaketi 12 ya kuokoa maisha na vizibao vinane vyenye vifaa vya dharura. Mfuko sasa una Sh260,000. Baadhi yenu mmesema hizo ni fedha za paa na choo cha wageni, na kwamba mwenyekiti alizitoa bila idhini ya mkutano mkuu. Kifungu cha 14 cha katiba yetu kinairuhusu kamati kutumia akiba kwa mambo ya usalama kwa kiasi kisichozidi theluthi mbili. Sh480,000 kati ya Sh740,000 haifiki theluthi mbili. Mweka hazina yuko hapa, na yeyote anayetaka hesabu ipigwe mbele yake aseme. Niliongoza kikao kile na sikupiga kura.

Imenenwa pia kwamba duka tulilonunua ni la jamaa yangu. Si kweli. Tulipokea bei kutoka maduka matatu, tukachukua ya chini, na kumbukumbu za kikao anazo katibu. Ningeomba aliyelisema jambo hili asimame alirudie hapa.

Hoja nzito zaidi ni ile ya kwamba ndege zetu tayari zina bikoni mkiani, basi za mkononi ni za nini. Hoja hii imetolewa na marubani ninaowaheshimu, wenye saa nyingi angani kuliko mimi, kwa hiyo nitaijibu kikamilifu. Bikoni za zamani zinazoita kwa megahezi 121.5 peke yake hazisikilizwi tena na setilaiti tangu tarehe 1 Februari 2009. Masafa hayo bado yanasikilizwa na minara na marubani wengine, lakini awepo aliye karibu. Ukianguka kwenye msitu wa Mau jioni, karibu yako ni miti. Bikoni ya 406 hutuma ujumbe wenye nambari yake yenyewe kwa setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na iliyokuwa Muungano wa Sovieti, na ulioanza kuokoa watu mwaka 1982. Ikiwa na GPS ndani yake, waokoaji wanaanza na eneo la mita mia hivi badala ya kuchana mlima mzima.

Na hata ndege yenye 406 mkiani haijamaliza kazi. Mkia unaweza kukatika pamoja na waya wa antena. Ndege ikizama, mawimbi ya redio hiyo hayapenyi maji, na bikoni inazama nayo ikiwa kimya. Iliyo kifuani mwako inatoka pamoja nawe, na inaita kwa saa 24 au zaidi.

Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliondoka Kitale kuelekea Nairobi ikiwa na watu 10. Kitale ni jirani zetu, na njia ile tunaipita. Ilipotea jioni, hali ya hewa ikiwa mbaya, na mabaki yalionekana katika safu za Nyandarua tarehe 7. Wote 10 walikuwa wamefariki. Sidai kwamba kifaa chochote kingewaokoa wale, na nawaomba mtu asinisingizie hivyo. Ninachosema ni kwamba siku zile mbili za ukungu tuliziona sote, na tuliona jinsi milima yetu inavyoificha ndege hata nchi nzima ikiitafuta. Chama cha marubani kilichoshuhudia hayo kikaendelea kuhesabu mabati ya paa, mimi siwezi kukiongoza.

Kuna aliyesema simu inatosha. Simu ikilowa imekwisha, na kwenye mabonde ya Nandi na ndani ya Mau mtandao unajulikana ulivyo. Mwingine alinukuu kwamba ajali haina kinga. Ni kweli, lakini sisi hatukununua kinga ya ajali. Tulinunua vitu vya saa zinazofuata ajali, na saa hizo mtu anaweza kuziandalia.

Ununuzi wenyewe ulichelewa kwa wiki kadhaa, na lawama zikanifikia. Sababu ni hii. Bikoni zilikuja zikiwa na msimbo wa nchi nyingine. Bikoni ya namna hiyo ikiita, taarifa za mwenyewe zinatafutwa kwenye daftari la nchi ile, wakati mke wako na hanga yako viko Kisumu. Nilikataa kuzipokea mpaka ziwekewe msimbo wa Kenya, ambao ni 634, na zisajiliwe hapa nchini. Safari za Nairobi za kufuatilia hilo nilizifanya kwa gari langu na mafuta yangu, na hakuna risiti yangu hata moja kwenye vitabu vya chama.

Pia tumelaumiwa kwa kuchagua vizibao badala ya mabegi, kwa kuwa mabegi yangekuwa bei rahisi. Begi linakaa nyuma ya kiti. Novemba 2022, hapa hapa kwenye ziwa letu, upande wa Bukoba, ndege ya abiria iliyokuwa na watu 43 ilianguka majini karibu kabisa na uwanja. Watu 19 walikufa. Waliotangulia kufika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao, na mvuvi kijana alisifiwa kwa kusaidia kuufungua mlango kwa kasia. Jiulizeni katika hali ile nani angerudi nyuma kutafuta begi. Ulichotoka nacho mwilini ndicho ulicho nacho, basi. Kwa hiyo kila kizibao kina mfuko wa bikoni, kioo cha kuashiria, filimbi, kiberiti kwenye kichupa kisichopitisha maji, kisu cha kukunja, tochi ya kichwani, vidonge vya kusafisha maji, blanketi la foili, kamba, bendeji na mkanda wa kukaza wa kuzuia damu. Chakula hakimo, na hilo nalo lililalamikiwa. Mtu mzima hukaa wiki kadhaa bila kula. Bila maji ni siku tatu hivi, na akilowa usiku kwenye miinuko ya Mau au Elgon, baridi inaweza kummaliza kabla ya asubuhi. Mwalimu wetu alilirudia hilo mpaka likatuingia: kwanza damu, kisha mahali pa kujikinga, kisha ishara, kisha maji. Njaa ingoje.

Nafika kwenye mahudhurio, na hapa naongea kwa uchungu. Waliojiandikisha kwenda Kakamega walikuwa 30. Waliofika ni tisa. Vibali vya msitu na mwalimu vilikuwa vimelipiwa kwa watu 30. Wale tisa walinyeshewa usiku kucha, wakajenga kibanda kwa turubai na matawi, wakawasha moto kwa kuni mbichi. Walijifunza kukaa karibu na ndege badala ya kutangatanga, kwa sababu ndege huonekana kutoka juu na mtu haonekani. Walitandaza alama kwenye uwazi, V ya kuomba msaada na X ya kuomba tabibu, kila mstari usiopungua mita mbili na nusu, kwa kuwa chini ya miti ile mikubwa hata moshi hupotea. Walifundishwa kutochanja wala kunyonya jeraha la nyoka. Wanafunzi wawili wa urubani walikuwepo. Makapteni wetu wakongwe, ambao ndio wanaowabeba watalii na wagonjwa, hakuna hata mmoja. Kwa Dunga walikuja 14. Mkutano mkuu ulioitishwa Novemba ulivunjika kwa kuwa walikuja 13 na akidi ni 18, ndiyo maana leo tunausoma mwaka uliopita tukiwa tumeshaingia mwaka mwingine.

Ndiyo maana pia kamati iliamua kwamba asiyehudhuria mafunzo haazimwi kizibao wala bikoni. Najua uamuzi huu umewakera baadhi. Bikoni iliyo mikononi mwa asiyeijua huwashwa kwa kujaribiwa, na waokoaji wakakimbizwa bure. Uamuzi unabaki.

Jambo dogo lililoambatana na hili ni mpango wa safari, ule unaowasilishwa kwa waongoza ndege kabla ya kuruka. Bado kuna wanaoruka kwenda viwanja vidogo bila kuuwasilisha, au wanaouwasilisha na wasiufunge wakifika, yaani wasitoe taarifa kwamba wamefika. Ndege yenye mpango ikipitisha dakika 30 baada ya muda iliotarajiwa bila habari, wahusika wanaanza kuiulizia. Isiyo na mpango hakuna anayeihesabia dakika. Mwambie basi hata mkeo au mumeo njia utakayopita, hasa mchana mwezi wa mvua, wakati mawingu ya Kericho na Nandi yanapoanza kumwaga mawe.

Ada. Wanachama kwenye daftari ni 52, ada ni Sh12,000 kwa mwaka, na tulitarajia Sh624,000. Waliolipa yote ni 21, yaani Sh252,000. Tisa walilipa sehemu, jumla Sh51,000. Wanachama 22 hawakulipa chochote. Tulichokusanya ni Sh303,000, na malimbikizo ya mwaka huo pekee ni Sh321,000. Naomba wanaoulizia paa waitazame namba hiyo. Kama ada zingelipwa, mfuko wa jengo leo ungekuwa umerudishiwa sehemu kubwa ya kilichotoka. Nimewapigia simu wadaiwa mmoja mmoja, wengine usiku, na wapo waliokata simu. Walio wakali zaidi kuhusu mfuko wa jengo, wachache wao wamo kwenye orodha ya waliolipa. Majina sitayataja.

Kuhusu mwaka huu tuliouanza, Mungu akitujalia, tunakusudia kuyarudia mafunzo ya Dunga na kuwahusisha zaidi wavuvi wa visiwani, kwa sababu wao ndio watakaotufikia kwanza. Tungependa pia kufika Turkana kujifunza ukame, ambao ni tofauti sana na msitu. Tunatumaini kupata wafadhili wa bikoni nyingine. Jengo halijasahauliwa, litaendelea kadiri fedha zitakavyopatikana. Wanachama wa Nakuru wameomba siku yao ya mafunzo na tutaliangalia.

Nawashukuru katibu, mweka hazina, na wale tisa wa Kakamega. Bikoni moja na vizibao viwili vilivyoazimwa Desemba havijarudi. Waliovichukua wanajijua, na navihitaji hangani kabla ya Jumamosi, kwa kuwa kuna mwanachama anavuka ziwa Jumapili asubuhi na ameandikiwa kuvitumia.

Wenu,
Mwenyekiti, Kisumu