Baba yako hakuwa bahili

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Sisi huku Kidichi hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua, ila ulimi mzima.

Juzi kwenye simu ulicheka tulivyokuwa tukiisukuma gari yetu kila asubuhi, ukaniuliza, "Mama, hivi baba alishindwa hata kununua betri?" Nilicheka na mimi, lakini nilipokata simu nikaona bora nikuandikie, maana mwenyewe hatojitetea. Betri ilikuwapo, tena nzima. Iliyokufa ni alteneta ya ile gari yetu, Datsun 120Y, yaani kile kifaa kinachojaza betri injini ikiwa inazunguka, na mjini haikupatikana nyengine. Basi betri ikawa inaliwa tu, haijazwi. Baba yako akirudi kazini jioni anaifungua, anaipeleka kwa fundi ikalale kwenye chaji, alfajiri anaifunga tena. Tulizoea.

Kisha Disemba 2009 umeme ukazimika Unguja nzima kwa hitilafu ya ule waya wa baharini unaotoka bara, ukarudi Machi 2010. Joto la kaskazi, giza, na pampu za maji zimelala. Wenye jenereta walichaji simu kwa pesa, lakini betri ya gari nani akuwekee usiku kucha, imlie mafuta yake? Ukibahatika ni saa moja moja tu, haitoshi kuwashia gari kwa ufunguo. Na gari ndiyo iliyokuwa ikitubebea madumu ya maji. Sasa ungefanyaje?

Alhamdulillahi, Kidichi iko juu na Bububu iko chini. Baba yako akawa anaegesha pua ikiangalia bondeni, jiwe mbele ya tairi. Asubuhi anafungua swichi, taa na redio zimezimwa ili ule umeme mdogo uliobaki wende kwenye koili inayotoa cheche za kuwasha injini, anatia gia ya pili, anakanyaga klachi mpaka chini. Mimi na ami yako nyuma, mikono kwenye buti. Jirani yetu wa mbele, mtu mzima yule, anakunja buibui na kujifunga kibwebwe kabisa. Gari ikishika kasi tunapiga kelele, "Achia!" Anaachia klachi, gari inaguta, inatikisika, inatema moshi, inawaka. Hapo ndipo tunapokimbia kuidandia, kwani hakuthubutu kusimama.

Gia ya pili, si ya kwanza. Siku ami yako alipokaa yeye kwenye usukani alitia ya kwanza, tairi zikakamata ghafla, dumu likakupindukia mapajani. Ulilia mpaka skuli.

Najua ulikuwa unajikunyata ili wenzako wasikuone. Mimi sikuwa na haya ya kusukuma. Kilichonikera ni yaliyofuata. Gari ikizimika Bububu, kwenye tambarare, vijana wa barza walikuwa wakiacha vikombe vya kahawa na kuja kusukuma bila ya kuitwa. Baada ya hapo baba yako hakuweza tena kumpita hata mmoja wao njiani. Petroli yetu, nazi zao, majogoo yao, na mmoja alipakia mbuzi! Nikisema, ananijibu, "Kesho atasukuma nani?" Sikuwa na la kumjibu, na hilo lilinikera zaidi.

Sasa hiyo gari yako. Hiyo ni oto, inajibadilishia gia wenyewe bila ya klachi, mwanangu, kwa hivyo usikubali watu wakusukumie, hata wakiwa na nia njema. Pampu ya mafuta ya giaboksi inazungushwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imezimwa hakuna msukumo wa mafuta, na tairi hata zikizunguka haziipati injini. Mtachoka bure kwenye jua la Muscat, na joto la huko ndilo linaloua betri mapema. Nunua nyaya za kubusti, zile za kuazima umeme wa betri ya gari jengine, ziweke kwenye buti. Nyekundu inatoka chanya kwenda chanya. Nyeusi inaanzia hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ibane kwenye chuma cha injini ya gari lako, mbali na betri.

Datsun bado ipo chini ya mwembe. Baba yako anasema ataifufua, na mimi nimeshaacha kubisha. Jana nilimsikia anamwambia ami yako kuwa huko Omani maduka ya spea za zamani ni mengi. Mimi nimemkataza asikutume, kwa hivyo usimwambie kama nimekwambia. Lakini ukiiona alteneta ya 120Y, ichukue.

Mama yako