Mafundi wa mageti ya umeme, acheni kujampa jicho

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Najua sisi watu wa kusini tukikuandikia huwa ni korosho, mnada na malipo kuchelewa, ila leo mi nina jambo la geti, la mafundi kulizima kijanja lile jicho lake la kuhisi mtu njiani. Ndio, geti, usicheke.

Naishi Nanguruwe, Mtwara Vijijini, ukitoka mjini unapita Naliendele unakuja na barabara ya Newala. Nyumba iko ndani shambani, kutoka barabarani mpaka uani ni kama mita 180 za kichanga, mikorosho kulia na kushoto. Zamani geti letu lilikuwa miti miwili na mnyororo. Sasa msimu mmoja korosho zikatupa vizuri, mwanangu aliyeko Dar akanipigia akasema baba weka geti la rimoti, goti lako linakusumbua, kila siku unashuka kwenye gari unafungua, unapita, unashuka tena unafunga, na mvua hizo utakuja kuteleza. Goti linasumbua kweli. Nikakubali.

Fundi welding akanichomelea geti la kuslaidi la mita nne, bati zito na nakshi juu kwa sababu nilitaka watu wakipita barabarani walione (hilo kosa ni langu nakiri). Afu wakaja vijana wa mota kutoka mjini, duka lao silitaji. Mota, reki ile ya meno, betri mbili, paneli ya sola, rimoti mbili, macho mawili na ufundi, jumla 1,900,000. Walimaliza siku moja. Siku moja! Zege la kukalia mota wamemwaga asubuhi, jioni mota ishafungwa juu yake inazunguka na watoto wa kijiji kizima wanapiga makofi, na mimi nimesimama pale na rimoti kama waziri anazindua daraja.

Wiki ya tatu geti likaanza kukokota. Nikampigia fundi, akaja, akafungua mfuniko wa mota, akazungusha kitu kwa bisibisi, geti likaondoka mbio kama fuso lenye mzigo wa kuwahi ghala. Nikampa 30,000 na asante juu. Kumbe alichozungusha ni nguvu. Mota hizi zina sehemu ya kupangia nguvu, ikipangwa sawasawa geti likigonga kitu mota inahisi uzito, inasimama au inarudi nyuma, sasa yeye aliipandisha mpaka mwisho, kwa hiyo geti likikutana na mchanga linasukuma, likikutana na jiwe linasukuma, na likikutana na mtu je? Na ugonjwa wenyewe ulikuwa mchanga kwenye reli. Dawa yake fagio.

Ikafika Juni, tukaanza kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga ya ugonjwa wa ubwiriunga. Anayeijua kazi hiyo anajua, vumbi la njano linaingia mpaka kwenye chungu cha mboga. Likaingia na kwenye macho ya geti. Kwa asiyejua, yale macho ni vidude viwili vinatazamana huku na huku ya njia, kimoja kinarusha mwanga usioonekana kingine kinaupokea, kitu kikikatiza geti linajua kuna mtu, halijifungi. Sasa vumbi likiganda kwenye kioo jicho linaona kama mtu kasimama pale kutwa nzima. Geti likawa linafunguka vizuri ila kufunga limegoma.

Fundi akaja tena, dakika kumi tu kamaliza. Akaniambia, "Mzee wangu, lile jicho nimelitoa kwenye laini, huku shamba halina kazi, linakusumbua bure." Mi nikaona kijana kanirahisishia. Alichofanya ni kuchomeka kawaya kafupi kati ya tundu mbili kwenye ubao wa mota, wenyewe wanaita kujampa, ubao ukidanganywa hivyo unaamini njia ni nyeupe saa zote, hata akisimama tembo.

Sasa Mhariri unganisha mwenyewe. Nguvu imepandishwa mpaka mwisho, jicho limejampwa, na geti limepangwa lijifunge lenyewe baada ya sekunde 30.

Ilikuwa Agosti, jioni. Nimeingia na gari, nimeshafika uani, mjukuu wangu wa miaka sita alikuwa anakuja nyuma na kibaiskeli chake anapiga kelele babu nisubiri, nikasikia mlio wa geti linaanza kwenda, nikageuka naona mtoto yuko katikati ya njia anatazama lile bati linavyomjia. Mungu ni mkubwa, aliruka. Baiskeli ikabaki. Geti likaibana kwenye nguzo, halikusimama wala kurudi, liliendelea kusukuma mpaka spoki zikaanza kukatika moja moja, ule mlio bado ninao masikioni. Rimoti iko kwenye gari, mi na goti langu nakimbia ninavyoweza, bibi yake ametoka jikoni kanga imedondoka anapiga yowe mpaka majirani wakaja.

Tukataka kulifungua kwa mkono, haliendi. Mota hizi zina ufunguo mdogo, ukizungusha meno yanaachia reki na geti linasukumika kama la kawaida. Ufunguo uko wapi? Kwenye boksi la vifaa la fundi, Mtwara mjini! Hajawahi kunipa wala kuniambia kama upo. Siku ile ingekuwa ni moto au mgonjwa wa kukimbizwa hospitali na betri imekufa, tungeruka ukuta na mgonjwa mgongoni.

Mjukuu wangu mkubwa alinitafutia kwenye simu akanisomea kwamba mwaka 2010 kule Uingereza watoto wawili walikufa kwa kubanwa na mageti ya umeme ndani ya wiki moja, mmoja Manchester mwingine Bridgend, Wales. Huko kwenye wakaguzi na sheria zao. Huku kwetu anayekagua ni nani?

Nilitafuta fundi mwingine, kijana kasoma VETA, na huyu nilimpenda kwa sababu siku ya kwanza hakuanza na mota. Aliachia meno yake kwenye reki, akasukuma geti kwa mkono mmoja, likakwama. Akasema mzee geti ambalo mkono hauliwezi usilipe mota, mota haitibu geti bovu. Akanyoosha reli, akabadilisha rola moja iliyoliwa, akatoa zile nakshi zangu za juu (iliniuma), akachimba mfereji mdogo ili maji ya mvua yasilete mchanga relini. Alipomaliza hata bibi alilisukuma kwa vidole. Ndo akarudisha nguvu chini, akachukua katoni tupu akaishika njiani geti likija. Mara ya kwanza katoni ikapondwa. Akapunguza tena. Mara ya tatu geti likagusa katoni likarudi nyuma, hata kona haikukunjika.

Macho akayarudisha, kawaya kale akakatoa akanipa mkononi, ninako mpaka leo. Akayashusha yakawa usawa wa goti maana yalikuwa juu kiunoni, mtoto mdogo anapita chini yake. Kila jicho akalivalisha kipande cha bomba la plastiki kama kofia, vumbi lisitue. Msimu wa salfa nafuta kwa kitambaa kila nikirudi shamba, kazi ya nusu dakika. Yaani nusu dakika ndiyo iliyotaka kuniulia mtoto.

Kuna wanaoniuliza mbona hukuvuta umeme wa TANESCO. Mita 180 za kuchimba na waya mnene, maana mwembamba kwa umbali ule umeme unafika umechoka, na bado ukikatika unahitaji betri tu. Sola inatosha. Kijana alipima kwa mita, geti likiwa limetulia ubao na macho vinakula kama amp 0.05, kwa siku nzima ni amp saa 1.2, wakati kufungua na kufunga mara kumi hakufiki hata nusu ya amp saa. Kwa hiyo kinachomaliza betri ni kule kukaa macho usiku na mchana, na betri zangu za amp saa 7 zinavuka siku tatu nne za mawingu bila shida. Mtu asikwambie jicho litolewe ili kuokoa betri, ongeza paneli.

Ombi langu kwa wenye maduka na mafundi wa Mtwara na Lindi ni dogo. Kama jicho halifanyi kazi, zima ile ya kujifunga yenyewe, mwenye nyumba afunge kwa rimoti huku anatazama. Usijampe ukaondoka. Na ufunguo mkabidhi mwenye geti kabla hujapokea hela, wangu sasa hivi unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni na kila mtu ndani anajua kuutumia, mpaka yule wa baiskeli.

Jirani yangu naye kaagiza mota, wanakuja kumfungia Jumamosi na ameshaambiwa macho sio lazima, atapunguziwa 80,000. Nimemwambia wasianze bila mimi. Nitakuja na katoni yangu.

Mkulima wa korosho,
Nanguruwe, Mtwara