Upinde wa kinga wa gari la wazi usichaguliwe kwa mng'ao wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalowahusu watu wachache, lakini kwa hao wachache ni jambo la uhai. Nazungumzia upinde wa chuma unaofungwa nyuma ya viti vya magari madogo ya michezo yasiyo na paa la bati, ambao mafundi wengi huuita rolibaa, na ambao kazi yake ni moja tu, nayo ni kuzuia uzito wa gari usimlalie dereva na abiria wake gari linapopinduka. Mimi namiliki Mazda Roadster ya kizazi cha kwanza, iliyokuja nchini ikiwa imekwisha kutumika Japani, na ambayo katika masoko mengi ya nje hujulikana kwa jina la MX-5.

Gari hili lilipotoka mwaka 1989 lilikuwa na uzito wa kilo 940 hivi, na wepesi huo ndio unaolifanya lipendwe, kwa sababu huitika haraka kwenye kona na halihitaji injini kubwa. Lakini halikutoka kiwandani na upinde wowote wa kinga. Likipinduka, kinachobaki kati ya kichwa cha dereva na lami ni fremu ya kioo cha mbele, ambayo mtu hawezi kuitegemea kwa uhai wake. Turubai halizuii chochote. Hata lile paa gumu la kubandika, ambalo baadhi yetu hulinunua kwa ajili ya mvua, limeshikwa kwa vifungo vidogo vilivyokusudiwa kuzuia upepo na maji, wala si kubeba gari lililolala kifudifudi.

Nilipolinunua gari langu hapa Arusha, nililikuta na upinde unaong'aa uliotengenezwa katika gereji moja ya mjini, nami nikauhesabu kuwa ni sehemu ya thamani ya gari. Kwa miaka miwili nilipanda na kuteremka nao ule ukuta wa Bonde la Ufa kati ya Mto wa Mbu na Karatu, mara nyingi nikiwa na mwanangu kwenye kiti cha kushoto, nikiamini kwamba tumekingwa. Siku nilipotoa viti na zulia ili kuziba mahali palipokuwa pakivuja maji, niliona kwa mara ya kwanza miguu ya upinde ule ilivyoshikiliwa. Bolti zilipita kwenye bati jembamba la bodi, na chini yake hapakuwa na kipande cha chuma cha kugawa mzigo, bali wosha ndogo tu. Bomba lenyewe lilikuwa la maji, lenye mshono wa kuchomelea kwa urefu wake wote, na ndani ya kila kona kulikuwa na mikunjo iliyofichwa kwa rangi, dalili ya bomba lililojazwa mchanga na kupashwa moto hadi likubali kupinda. Sikulala vizuri usiku ule, na ndiyo sababu ya barua hii.

Upinde wa namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na upinde kabisa. Asiyekuwa nao anajua kwamba hana, kwa hiyo hupunguza mwendo. Mwenye nao huongeza mwendo, na pengine hununua mikanda ya mashindano inayomshika mabega yasiinuke, kisha siku gari linapopinduka, mikanda ile humzuia kuinama ilhali kilicho juu ya kichwa chake kinajikunja kama waya.

Kwa anayetaka kuchagua, kipimo kipo na hakuna haja ya kukisia. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, katika Kiambatisho J, kifungu cha 253, zinataka upinde mkuu utengenezwe kwa bomba la chuma lisilo na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 2.0. Bomba hilo lazima likunjwe likiwa baridi, na nusu kipenyo cha kona isipungue mara 3 ya kipenyo cha bomba. Kila mguu unaofungwa kwa bolti uwe na bamba la chuma lenye unene usiopungua milimita 3 na eneo la angalau sentimita 120 za mraba, na bolti ziwe za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8, au kubwa zaidi, za daraja la nguvu la 8.8, alama ambayo huchapwa kwenye kichwa cha bolti na mnunuzi anaweza kuisoma mwenyewe dukani. Nakubali kwamba kanuni hizi ziliandikwa kwa ajili ya mashindano, na gari la kutembelea mjini halilazimiki kuzifuata, lakini sijaona kwa nini kichwa cha mtu anayekwenda sokoni kihitaji chuma dhaifu zaidi ya kile cha mshindani.

Umbo la upinde lina uzito uleule kama chuma chake. Upinde uliosimama peke yake, bila mihimili miwili ya kuushika kwa nyuma, utalala mara utakaposukumwa. Mihimili hiyo inapaswa kuwa imenyooka na kuinama kwenda nyuma kwa nyuzi zisizopungua 30 kutoka wima, na ndani ya upinde kuwe na mhimili wa mshazari, kwa sababu gari linalobingirika huusukuma upinde kwa ubavu pia, na umbo la mstatili lisilo na mshazari hulala upande kwa urahisi. Hivi vijipinde viwili vidogo vya mapambo vinavyowekwa nyuma ya kila kiti, vingi havina hata kimoja kati ya hivyo.

Kuhusu kimo, kipimo ni rahisi na kila mtu anaweza kukifanya nyumbani. Dereva akae kitini akiwa amevaa helmeti na kufunga mkanda, kisha mtu mwingine anyooshe ufito kutoka juu ya upinde hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Helmeti lazima ibaki chini ya ufito huo, na vilabu vingi vya mashindano huko Marekani hudai nafasi ya inchi 2, yaani karibu sentimita 5. Mimi nina kimo kirefu na nilishindwa kipimo hiki mara ya kwanza. Wengi hapo hufikiria upinde mrefu zaidi, lakini upinde mrefu huzuia turubai kufungwa. Nilichofanya ni kupunguza sifongo ya kiti hadi nikashuka vya kutosha. Anayepanga kufanya hivyo ajue pia kwamba upinde hula sentimita kadhaa za nafasi ya kiti kurudi nyuma.

Kuna wanaoniuliza kwa nini sikufunga kizimba kamili, yaani mabomba yanayozunguka sehemu yote ya abiria, kama cha magari ya Safari Rally. Kizimba kinamfaa anayevaa helmeti kila anapokaa kitini. Kwa gari la barabarani, mabomba yanayopita pembeni na mbele ya kichwa kisichovaa helmeti yanaweza kumuua mtu katika ajali ndogo ambayo angetoka nayo na michubuko. Hata upinde wa nyuma unahitaji kuvikwa sifongo ngumu maalumu popote kichwa kinapoweza kufika. Ile laini ya magodoro hubonyea mara moja na kichwa kikakutana na chuma.

Kubadilisha upinde kuna hatari zake. Katika Roadster tangi la mafuta limekaa nyuma ya viti, chini ya bati lile lile ambalo fundi hukaribia kulitoboa, kwa hiyo kina cha dreli lazima kiwekewe kizuizi, na mtu asikubali kamwe kuchomelea chochote hapo tangi likiwa ndani. Betri nayo iko kwenye buti, na inapaswa kufunguliwa kabla ya kazi kuanza. Upinde mpya hautakutana na matundu ya ule wa zamani. Matundu hayo yasiachwe wazi wala kuzibwa kwa gundi, kwani yakiwa karibu na mapya hulidhoofisha bati ambalo ndilo linalobeba kila kitu. Mimi nililazimika kulipia mabamba mapana kuliko yaliyokuja na upinde ili yafunike sehemu yote iliyotobolewa. Kabla ya kurudisha zulia, mkanda wa kawaida uvutwe na kuachiwa mara kadhaa kuhakikisha hausuguliwi na chuma, na bolti zikazwe tena baada ya siku chache za kutembea. Wala upinde uliowahi kupinduka na gari lingine usinunuliwe, hata kama jicho halioni mkunjo.

Kwa mafundi wetu, ambao wengi wao nawaheshimu kwa kazi ya mikono yao, ninaomba jambo moja tu. Mteja anapotaka upinde kwa ajili ya sura ya gari, atengenezewe, ila aambiwe mdomoni na kuandikiwa kwenye risiti kwamba hilo ni pambo. Na wenye magari, kabla ya safari yenu ijayo, inueni zulia lililo nyuma ya viti vyenu, angalieni kilicho chini ya bolti.

Ni mimi msomaji wako,
Mwenye gari la wazi,
Arusha.