Kontena linalovuja lisikataliwe bandarini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie usafirishaji wa kemikali zinazobabua na zile zinazochochea moto kwa kutoa oksijeni. Mwaka 2021 meli ya X-Press Pearl iliungua na kuzama karibu na Colombo, Sri Lanka, baada ya kontena la asidi ya nitriki kuvuja kwa siku kadhaa huku bandari mbili zikikataa kulishusha. Kukataa huko, kwa maoni yangu, hakukuwa tahadhari, bali kulikuwa kuwasukumia wengine hatari. Mwaka 1996 vizalisha oksijeni (vifaa vya kemikali vinavyowapa abiria wa ndege hewa ya dharura), vilivyobebwa kama shehena na kuandikwa kuwa ni vitupu, viliwasha moto ulioangusha ndege huko Florida na kuua watu 110. Bandari zilazimishwe kupokea kontena linalovuja, na msafirishaji anayeficha jina halisi la shehena ashtakiwe.

Msomaji wako