RISALA YA WANAFUNZI WASIOONA KWA MGENI RASMI, MAHAFALI YA KIDATO CHA SITA

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi wetu na wahitimu wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu. Risala hii imeandikwa kwa nukta nundu, na anayeisoma anaisoma kwa vidole.

Katika chumba cha kompyuta tunatumia NVDA, programu ya bure inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Aliyeianzisha mwaka 2006, Michael Curran wa Australia, naye haoni. Kwa programu hiyo tunaandika insha na kutafuta notisi wenyewe.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakwama kwenye tovuti. Mwaka jana mwenzetu aliyehitimu hapa alirudi kujaza maombi ya chuo. Programu ikamsomea, “kitufe, kitufe, kitufe,” kwa sababu fundi aliweka alama za kuchora bila kuzipa majina. Tangazo la sifa za kujiunga lilikuwa karatasi iliyopigwa skani, na programu ikanyamaza kimya. Mwishoni akatakiwa atambue herufi zilizopindapinda, athibitishe kwamba yeye si roboti. Ikabidi aende steshenari, akampa mtu asiyemjua nywila yake na habari za kipato cha nyumbani kwao. Hilo ndilo linalotuuma kuliko yote.

Mwongozo wa kimataifa wa tovuti fikivu, yaani zinazoweza kutumiwa hata na watu wenye ulemavu, unaitwa WCAG, nao upo tangu mwaka 1999. Unataka picha yenye maana iwe na maelezo ya maandishi, kila kisanduku cha fomu kiwe na jina, na kazi yote iwezekane kwa kibodi bila kipanya. Video ziwe na maandishi kwa ajili ya wenzetu viziwi. Kwa wenye uoni hafifu, wakiwemo wenzetu wenye ualbino, maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Tena Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 inaitaja intaneti waziwazi.

Ombi letu: kabla ofisi yako haijamlipa fundi wa tovuti malipo ya mwisho, chomoeni kipanya, zimeni skrini, mumkalishe asiyeona aijaze fomu mwanzo hadi mwisho. Akikwama, fundi arudi kazini. Tuko tayari kuifanya kazi hiyo.

La pili, tunaomba spika za masikioni 12. Kwa sasa kompyuta zetu zote zinasema kwa pamoja.

Tunaomba kuwasilisha.