Idi njema jamani, ila pishi ya fitri itoke kabla ya swala

Assalaam aleykum ndugu zangu, kesho au keshokutwa ni Idi, mwezi ndio utasema, natanguliza salamu mapema, Idi Mubarak nyote na Mungu atupokelee funga zetu, tulizofunga vizuri na zile tulizoshinda tumelala pia (najijua).

Kuna kitu kinanikaa rohoni kila mwaka siku kama hizi. Niliwahi kuishi mlango kwa mlango na mama mmoja, asubuhi ya Idi wanawe wako ndani tu, mlango umerudishwa, namsikia anawaambia nguo zenu fundi hajamaliza, labda kesho. Fundi hakuwepo na nguo hazikuwepo. Yule mdogo anachungulia dirishani, kila akipita mwenzake na viatu vipya anauliza huyo fundi anakaa wapi si tumfuate. Na mimi fitri yangu, kile chakula cha kuwapa wasio nacho mfungo ukiisha, iko ndani kwenye mfuko, nimesema nikitoka kuswali nampelekea, nikatoka, nikapiga stori, nikafika kwake mchana. Alinishukuru sana yule mama. Ila fitri ikishapitwa na swala ya Idi inabaki sadaka kama sadaka nyingine, wakati unaruhusiwa kuitoa hata siku moja au mbili kabla, sasa mimi nilikuwa nangoja nini?

Halafu hii zakatul fitri sio ile zaka ya mali inayosubiri mali ifike nisabu, yaani kiwango chake, na mwaka mzima upite ndio utoe asilimia 2.5, hapana, hii mtu akiwa na chakula cha kumtosha yeye na watu wake siku ya Idi na kikazidi basi anadaiwa, pishi moja kila kichwa, yaani vibaba 4, kama kilo 2.5 hadi 3 hivi za chakula mnachokula kila siku hapo mlipo, mkubwa kwa mdogo, mpaka mtoto mchanga anatolewa. Ndio maana naipenda, maana haikuachiwa matajiri wala serikali, sisi wa kuungaunga pia tumo.

Najua fitri ni chakula, nguo haimo. Lakini ukishapeleka pishi na ukawaona wale watoto kwa macho yako, nguo moja moja haikushindi, wala huhitaji fatwa.

Na picha jamani tuache. Unampa mtoto kanzu halafu unamsimamisha ashike mfuko, unampiga picha, unaweka stetasi, Jumatatu akienda shule wenzake wote wameshaiona. Mama yake angekataa angeonekana hana shukrani, kwa hiyo alinyamaza tu.

Haya, za kwetu nimeshapima, tuko saba na kachanga kamoja ka wiki tatu, pishi nane, zinatoka leo usiku watoto wakishalala. Idi njema.